Lenzi ya hamsini na masikio ya bibi

Jumapili usiku, Mlimani

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Itiryo wiki tatu, nimerudi chuo Alhamisi nikiwa na vumbi la Tarime kwenye begi na swali moja kichwani: ninunue lenzi au nisinunue? Leo nawasimulia habari ya lenzi hiyo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia msitegemee nitaishia kwenye bei tu. Chemsheni chai kabisa.

Mambo yalianza hivi. Mshkaji wa chumba cha jirani anauza lenzi yake ya milimita 50 yenye tundu la f/1.4, mtumba lakini safi, kwa laki tano. Kampuni siitaji, mtasema nimelipwa. Kwenye ukoo wa lenzi za hamsini, hiyo ndo mtoto wa kati. Chini yake kuna f/1.8, ambayo ukitafuta vizuri unaipata kwa chini ya nusu ya hela hiyo. Juu yake kuna f/1.2, na hiyo mtu anayeishi kwa boom hata kuiulizia bei ni utovu wa adabu. Nikamwambia jamaa niazime kwanza, nikaijaribie nyumbani, nikirudi nakupa jibu. Akakubali kwa sharti moja, kwamba nikiiangusha nimeinunua.

Sababu ya yote haya ni bibi. Likizo iliyopita aliniita akaniuliza, "Mura, picha yangu ya mazishi ni ipi?" Nilicheka, yeye hakucheka. Siku hizi msiba bila picha kubwa ya marehemu kwenye fremu, imeshikwa mbele ya jeneza, watu wanaona kama familia haikujipanga. Bibi amezika wengi na amejionea: mtu hana picha, vijana wanachukua ile ya kadi ya mpiga kura, wanaikuza mpaka uso unakuwa kama ukuta wa matofali. Na yake ya kura haipendi hata kidogo. Anasema ametoka kama mtu aliyekamatwa na ng'ombe wa watu.

Halafu kuna picha ya babu. Ni moja tu, imening'inia sebuleni kwake, nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Babu amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kofia kichwani, shati jeupe, mikono imeshuka. Shati unaliona hadi vifungo. Ukuta unauona hadi nyufa. Uso haupo. Chini ya kofia kuna giza, na ndani ya giza kuna kitu kama pua. Mimi babu sikumkuta, kwa hiyo babu yangu ni shati. Bibi hataki awe kanga.

Sasa tuingie kwenye historia, maana bila hiyo huwezi kujua unachonunua.

Lenzi ya kawaida inaitwa ya kawaida kwa kulinganishwa na ukubwa wa filamu inayoangukia picha. Kanuni ya zamani inasema lenzi iwe na urefu unaokaribia ulalo wa filamu, kutoka kona hadi kona. Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, alichukua mkanda wa filamu ya sinema wa milimita 35 akaulaza, akapata kipicha cha milimita 24 kwa 36. Sampuli yake ya kwanza ni ya miaka ya 1913 na 1914, kisha vita ikaingia kati, na kamera yenyewe, Leica, ikaingia sokoni 1925 ikiwa na lenzi ya milimita 50 ya f/3.5 iliyobuniwa na Max Berek. Piga hesabu ya ulalo wa 24 kwa 36 utapata 43 na ushee. Lakini hamsini ndo iliyokaa, na wengine wote wakafuata. Wale wanaosema hamsini ni "jinsi jicho linavyoona" wanatia chumvi. Ni desturi ya kiwanda iliyogeuka kuwa sheria, kama desturi nyingine nyingi tunazozisoma.

Kabla ya hapo kawaida ilikuwa nyingine. Kamera ya kioo cha sentimita 13 kwa 18, ya kusimamishwa kwa miguu mitatu, lenzi yake ya kawaida ni kama milimita 210. Nataja hiyo kwa sababu ndo aina ya kamera za wakati ule Wakuria walipoanza kuingia kwenye vitabu vya Ulaya. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo letu kwa mstari kwenye ramani, na kati ya 1904 na 1906 tume yao ya pamoja ikapita ardhini kuupima, kutoka Ziwa Victoria kuelekea Kilimanjaro. Mstari ule ulipasua Wakuria, wengine wakabaki upande ambao leo ni Kenya, wengine upande wetu. Ofisa mmoja wa Kijerumani wa tume hiyo, Max Weiss, alichapisha Berlin mwaka 1910 kitabu kikubwa chenye picha kuhusu watu wa kaskazini ya koloni, na humo sisi tuna sura yetu, jina "Bakulia". Yaani waliokuja kupima ardhi ndo waliokuja kupima na nyuso. Kamera ya kioo si kitu cha kupiga ukipita. Unamsimamisha mtu, unamwambia asitikisike, unaingia chini ya kitambaa cheusi. Ukitazama picha za aina ile, jiulize kwanza mpigaji alisimama wapi na nani alimpa ruhusa. Lekchara wetu wa mbinu za utafiti anatuambia tuulize hivyo kwa waraka. Mimi nauliza hivyo kwa lenzi.

Pwani hadithi ni tofauti na siikalii sana, wengi mnaijua. Zanzibar ilikuwa na studio ya Gomes, familia ya Kigoa, tangu karne ya 19. Ranchhod Oza, aliyepitia kwa Gomes, akafungua Capital Art Studio yake mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na Parekh. Kule mtu alienda studio kwa hiari yake, kavaa anavyotaka, kakaa anavyotaka, kalipa, kachukua picha yake. Picha ni mali ya anayeonekana humo. Hii ni tofauti kubwa kuliko tofauti ya vioo.

Bara, na hasa vijijini kama kwetu, studio ilikuja kwa miguu. Mpiga picha alitembea gulio hadi gulio na kamera shingoni, anapiga leo, anaenda kusafisha filamu mjini, anarudi na picha baada ya wiki au mwezi, kama anarudi. Bibi anamkumbuka aliyempiga babu. Anasema alikuwa na kamera nzito ya chuma, "ukimpiga nayo mtu anakufa", na juu yake, mbele, kulikuwa na kidirisha cha vioo vidogo vidogo kama macho ya nzi. Nilipomwonyesha kwenye simu picha ya Zenit-E alisema, "Ndiyo hii, na hata mkanda wake wa ngozi ulikuwa hivi."

Hapo ndo nilishika kichwa. Zenit-E ilianza kutengenezwa 1965 Krasnogorsk, jirani na Moscow, na zilitoka kwa mamilioni. Vile vioo kama macho ya nzi ni kipima mwanga cha seleniamu, hakitumii betri hata moja. Kwa mtu anayetembea magulio ya Tarime hiyo ni neema. Na lenzi iliyozoeleka kwenye kamera hiyo ni Helios-44, milimita 58, f/2. Kwa nini 58 badala ya 50? Kwa sababu kamera ya aina hiyo ina kioo cha kuakisi kinachoruka juu ukipiga, kinahitaji nafasi, na zamani ilikuwa rahisi zaidi kusogeza lenzi mbele kidogo kuliko kubuni hamsini isiyogongana nacho. Lakini kizuri zaidi ni kwamba Helios ile haikubuniwa Urusi. Ni Biotar ya Zeiss wa Jena, kazi ya Willy Merté wa kabla ya Vita ya Pili, ambayo Wasovieti waliichukua baada ya kuishinda Ujerumani. Kwa hiyo fikirini mzunguko huo: Mjerumani anakuja 1904 kukata nchi yetu vipande viwili, na miongo kadhaa baadaye hesabu za vioo za Mjerumani mwingine, zimepitia Moscow, ndizo zinampiga babu kwenye ukuta wa chokaa.

Kwa nini basi uso haukutoka? Lenzi haina kosa. Kipima mwanga cha seleniamu kinapima kila kilicho mbele yake kwa jumla. Jua la mchana, ukuta mweupe, shati jeupe, vyote vikapiga kelele "mwanga umejaa!", na mpigaji akafunga tundu. Uso mweusi chini ya kofia nyeusi ukaachwa bila kitu. Angemvua babu kofia, au angemgeuza kidogo, au angefungua tundu hatua mbili zaidi ya kipima kinavyosema, leo ningejua kama pua yangu ni ya kwake. Fundi wa Kiafrika aliyezoea alijua hesabu hiyo ya ngozi yetu bila kuambiwa na kiwanda. Huyu wa babu, sijui alikuwa na haraka gani siku hiyo.

Sasa turudi kwenye laki tano. Hiyo f/1.4 ilitoka wapi, na ilikuja kutibu ugonjwa gani?

Umbo la vioo la lenzi za hamsini ni la zamani mno. Chanzo chake ni mtaalamu wa hesabu Gauss, mwaka 1817, alipobuni kioo cha darubini. Mmarekani Alvan Clark akaunganisha jozi mbili zikitazamana mwaka 1888, na Paul Rudolph wa Zeiss akatoa Planar 1896. Ilikuwa nzuri kwenye karatasi, ila vioo vingi vilirudishiana mwanga ndani kwa ndani na picha zikapauka. Dawa ilipatikana 1935, Smakula wa Zeiss alipopata hataza ya kupaka kioo utando mwembamba wa kuzuia mng'ao. Kuanzia hapo viwanda vikaanza kushindana matundu. Mwaka 1950 Nikon walitoa ya milimita 50 yenye f/1.4, na mwaka huohuo Vita ya Korea ikaanza na wapiga picha wa magazeti wa Marekani wakagundua vioo vya Kijapani. Miaka ya 1960 f/1.4 ikawa lenzi ya mwandishi wa habari. Ndo kipindi hicho kijana Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alifungua Camerapix hapahapa Dar mwaka 1963, na mwaka uliofuata akawa anapiga Mapinduzi ya Zanzibar.

Ugonjwa uliokuwa unatibiwa ni filamu nzito kuelewa. Filamu ya rangi ya Kodachrome ilipoanza miaka ya 1930 kasi yake ilikuwa kama 10. Hata zile za baadaye za 25 na 64, ukiingia ndani ya nyumba umekwisha. Tundu kubwa halikuwa ufahari, lilikuwa chakula. Ukifungua f/1.4 unaingiza mwanga mara 1.65 ya ule wa f/1.8, na kwa filamu ile hiyo ilikuwa tofauti ya kupata picha au kukosa. Leo kamera ya kidijitali, hata ya mtumba, unaipandisha 1600 au 3200 huku unakula karanga. Ugonjwa umepona, dawa bado inauzwa kwa bei ya ugonjwa.

Haya niliyajua kichwani kabla ya kusafiri. Lakini kujua kichwani ni kitu kimoja, kumkalisha bibi ni kingine.

Siku ya kwanza nilimpiga ndani, asubuhi, kwenye kigoda chake chini ya picha ya babu. Nyumba yake ina dirisha moja upande wa mashariki. Nikafungua f/1.4 nikasema leo ndo leo. Tatizo la kwanza: kamera yangu ni ya sensa ndogo, na kwenye sensa hiyo hamsini inageuka kuwa kama themanini. Lenzi ya kawaida siyo ya kawaida tena, imekuwa ya kubana. Nikarudi nyuma, nikarudi nyuma, mgongo ukagonga mlango, nikafungua mlango, nikajikuta nje na mbuzi, ndo bibi na kigoda na babu wakaenea kwenye fremu. Majirani walifurahi sana. Kwa hiyo wadau wenye kamera kama yangu, lenzi yenu ya kawaida kwa maana ya Barnack ni kama 28 hadi 35. Hamsini kwenu ni ya uso na mabega.

Basi nikasogea karibu, kama mita moja na nusu, nikapiga uso na mabega. Picha ilitoka nzuri kwelikweli, nyuma kote kumeyeyuka kama maziwa, macho ya bibi yanang'aa, mikunjo yote ipo. Nikamwonyesha kwa kujiamini. Akatazama kwa muda. Akasema, "Masikio yangu umeyapeleka wapi?"

Bibi ana masikio ya kizamani, yaliyotobolewa na kuvutwa ndewe hadi zikaning'inia, kama walivyofanya Wakuria wa rika lake. Mabinti zake hawakufanya. Wajukuu ndo kabisa. Na mimi kwa f/1.4, kwa umbali ule, kwenye sensa yangu, nina kama sentimita 5 tu zinazoonekana safi mbele hadi nyuma. Ukiweka fokasi kwenye jicho, sikio limeshatoka nje ya nchi. Kitu pekee kwenye uso ule ambacho ni hati ya historia, nimekigeuza ukungu kwa laki tano.

Siku ya pili nilimtoa akae mlangoni, ndani kidogo ya kizingiti, mwanga wa nje ukimwangukia bila jua. Nikafunga tundu hadi f/4. Hapo nikapata kama sentimita 14, macho na masikio na ushanga, vyote. Nikaacha kusikiliza kipima mwanga cha kamera, nikapima uso wenyewe. Na kwa f/4 naomba niseme bila kupepesa macho: hiyo f/1.4 ya laki tano na ile f/1.8 ya bei ya chini, kwenye picha ya kutundika ukutani, mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha. Nilikuwa nimeazima ya pili kwa binamu wa Musoma, nikapiga zote mbili dakika ileile. Ya kati ina mwili mzuri zaidi mkononi, pete yake ya fokasi inazunguka kwa raha, na gizani inakubeba kidogo. Kama unapiga harusi za usiku chukua. Anayepiga wazee mlangoni achukue ya chini, hela inayobaki aisafishie picha.

Kuna jambo moja lenzi zote mbili wanalo na ndo linanifanya nizitetee hamsini kwa jumla. Mkoa wetu dunia inaujua kupitia lenzi ndefu. Filamu ya akina Grzimek kuhusu Serengeti ilitoka 1959, ikapata Oscar 1960, na tangu hapo anayekuja Mara na kamera anakuja na mzinga wa milimita 400 wa kumvuta simba. Nimeona watalii wanampiga mama anayechunga mbuzi kwa mzinga huohuo, kutoka kwenye gari, na gari likaondoka. Kwa hamsini huwezi. Inabidi ushuke, usogee hadi hatua mbili tatu, useme shikamoo, na yeye apate nafasi ya kukuuliza masikio yake yako wapi.

Picha niliichapisha Tarime mjini, inchi 12 kwa 16, na fremu. Bibi aliishika kwenye mwanga, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ndewe moja halafu ya pili. Nikamwambia tuitundike pembeni ya babu. Akakataa. Alifungua sanduku lake la bati, akaifunga kwenye kanga mpya, akaiweka chini kabisa. "Bado sijafa, ya nini kuitundika? Ila wewe sasa unajua ilipo."

Jana nimemrudishia jamaa lenzi yake, haina mkwaruzo. Ameshusha hadi laki nne na nusu, kama kuna mdau anapiga harusi aniambie nimuunganishe.